Pikipiki ya Baba Isiyo na Kifani

Picha yenyewe ni ndogo, unaifunika kwa kiganja. Baba amekaa juu ya pikipiki, kichwa wazi, koti refu limefungwa vifungo mpaka shingoni, uso wa mtu aliyetoka kushinda kesi. Koti hilo ndilo lililotutesa miaka yote. Pindo lake limeangukia tangi la mafuta na kulifunika jina ambalo lingemaliza ubishi wa ukoo mzima. Nyuma ya picha ameandika kwa wino maneno matatu: "Isiyo na kifani."

Baba mdogo alikwishatoa hukumu kabla mimi sijaota ndevu. Hiyo ni Matchless, alisema, na Matchless kwa Kiswahili ni nini kama si isiyo na kifani? Marehemu alikuwa na tabia ya kutafsiri majina ya vitu kwa kujifurahisha, basi hoja ikasimama. Tulichojua kwa hakika ni kwamba alikuwa Uingereza akisomea ufundi, kwamba pikipiki aliinunua ikiwa imeshatumika, na kwamba, kwa maneno yake mwenyewe, aliiendesha kama mtu aliyezaliwa juu yake. Mwaka hakuuandika.

Nilipopata safari ya kikazi ya London, nikaitia picha katikati ya kadibodi mbili na kuiweka kwenye mkoba. Jumamosi, siku yangu pekee ya mapumziko, nikapanda treni ya asubuhi stesheni ya Euston kuelekea Birmingham. Huko ndiko zilikotoka pikipiki za BSA, Norton, Ariel na Velocette. Ukichora duara la mwendo wa saa moja kuzunguka mji ule, unaingiza na Triumph ya Coventry na Royal Enfield ya Redditch. Matchless haimo. Yenyewe ilitengenezwa Plumstead, kusini-mashariki mwa London, karibu tu na nilikolala. Lakini kiwanda cha Plumstead hakipo tena, na jumba kubwa la makumbusho ya pikipiki za Kiingereza liko nje kidogo ya Birmingham. Nikaona ni bora kuifuata pikipiki kuliko kufuata kiwanja chake.

Ndani ya treni nilitoa simu nikaanza kuikagua ile picha, ambayo nilikuwa nimeipiga skani kwa ubora wa juu kabisa. Hilo lifanye kabla ya lingine lolote ukiwa na picha ya namna hii. Jicho linakwenda kwenye uso wa mzazi, na uso hausemi lolote kuhusu injini. Nikaziba uso wa baba kwa kidole gumba. Silinda moja, imesimama wima. Bomba la moshi upande wa kulia. Uma wa mbele ni wa teleskopu. Nyuma kuna shokamzoba mbili nyembamba kama mirija. Chini ya taa kubwa kuna kitu cheupe cha mraba, ambacho nyumbani tulikubaliana ni karatasi ya kodi. Na juu ya madigadi ya mbele kuna kibao cha namba kilichopinda kulifuata tairi, kama ilivyokuwa lazima kwa pikipiki za Uingereza mpaka mwaka 1975. Herufi ya kwanza imemezwa na kivuli. Mbili zinazofuata zinasomeka vizuri: UK. Nikatabasamu. Hata kibao kilitaka kunikumbusha niko nchi gani.

Nilishuka kituo cha Birmingham International, ndege zikipita chini juu ya paa, nikatembea kandokando ya barabara zilizojengwa kwa ajili ya watu wasiotembea. Makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1984. Septemba 2003 yakashika moto na pikipiki mamia zikaungua. Wakazifufua nyingi na kufungua tena mwaka uliofuata. Ukiyajua hayo unatembea humo kwa adabu. Ni zaidi ya pikipiki elfu moja, zote za Kiingereza, safu kwa safu, na harufu ya mafuta na nta ya kung'arishia.

Nikaitafuta Matchless. Nilipoiona nilihisi mwili kusisimka: silinda ileile, uma uleule, hata mkunjo wa bomba uleule. Nikainua simu nilinganishe na nikaanza kutunga moyoni ujumbe wa kumpa baba mdogo ushindi wake. Hapo ndipo mzee mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu, aliyekuwa akifuta vumbi pikipiki ya pili yake, aliponiuliza kama anaweza kutazama.

Aliitazama kwa muda ambao mimi ningekuwa nimeshakunywa chai. Kisha akasema, "Hii si Matchless. Hii ni AJS."

Nikamweleza habari za koti na maneno ya nyuma ya picha. Hakuonekana kujali. Akaninyooshea kidole kwenye magneto, kile kifaa kinachozalisha cheche ya plagi. Kwenye Matchless iliyokuwa mbele yetu kilikuwa nyuma ya silinda, kimejibanza kuelekea kiti. Kwenye picha ya baba kilikuwa mbele ya silinda, wazi kabisa, na sisi sote tulikuwa tumekitazama maisha yetu yote bila kukiona. Akanivuta mkono hatua tatu mpaka AJS ya umri huohuo. Magneto mbele.

Ubishi huu una chanzo chake. AJS ilikuwa kampuni ya ndugu wa ukoo wa Stevens, mjini Wolverhampton. Mwaka 1931 mambo yaliwaendea kombo na jina likanunuliwa na wenye Matchless, uzalishaji ukahamia Plumstead. Baada ya vita, pikipiki hizi mbili za silinda moja zilitoka mlango mmoja wa kiwanda, mapacha watupu: jina jingine kwenye tangi, mistari ya dhahabu kwa AJS na ya fedha kwa Matchless. Katika picha isiyo na rangi, dhahabu na fedha ni kijivu kimoja. Ilibaki magneto, na hata hiyo ni kwa muda tu, maana kuanzia modeli za 1952 Matchless nayo ikahamishia yake mbele.

"Basi yaweza kuwa Matchless ya 1952 au baadaye," nikasema, bado nikimtetea baba mdogo. Damu nzito.

Mzee akacheka, akagusa skrini kwenye zile shokamzoba nyembamba. Waendeshaji waliziita vinara vya mishumaa. Zilikuja na fremu yenye springi mwaka 1949, na kwa modeli za 1951 zikaondolewa, zikawekwa nene fupi ambazo watu waliziita makopo ya jamu. Vinara nyuma, magneto mbele: AJS, ya 1949 au 1950. Kwa ukubwa wa mapezi ya silinda akasema ni cc 350, ile waliyoiita 16MS, wala si ndugu yake wa cc 500. Akaongeza, kama mtu anayenipoza, kwamba mwaka huo wa 1949 Les Graham alikuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za pikipiki za daraja la cc 500, na alikuwa juu ya AJS.

Nikabaki nimesimama katikati ya zile pikipiki mbili. Isiyo na kifani, na kifani chake kimesimama hatua tatu pembeni. Kumbe marehemu hakuwa anatafsiri. Alikuwa anajisifu tu.

Kabla hatujaagana nikamwonyesha lile kibao na utani wangu wa UK. Hakuona utani. Katika vibao vya enzi zile, akaniambia, herufi mbili za mwisho zilitaja halmashauri iliyosajili chombo, na UK ilikuwa ya Wolverhampton.

Saa ilikuwa nane na nusu mchana. Treni ya Wolverhampton ilikuwa inapita kituo kilekile.

Sina mengi ya kusema kuhusu Wolverhampton, na kosa si la mji. Nilifika mvua ikinyesha na giza likikaribia. Nilipita Princes Square, ambako mwaka 1927 zilisimikwa taa za kwanza za kuongoza magari nchini Uingereza zilizojiendesha zenyewe, nikapanda taratibu mpaka Graiseley Hill, kilikokuwa kiwanda cha AJS kabla ya kuhamishwa. Baba alipofika nchi ile kiwanda kilishaondoka zamani. Lakini pikipiki, iliyoundwa London, ilisajiliwa katika mji uliolizaa jina lake. Sijui kwa nini hilo lilinifurahisha kiasi kile. Nikajibanza chini ya paa la duka lililofungwa, nikaifungua picha tena, safari hii nikikuza kile kitu cheupe chini ya taa.

Haikuwa karatasi ya kodi. Ya kodi ni duara. Nilipoongeza weusi wa picha, mistari miwili ikajitokeza: mmoja wima, mmoja mfupi umelala chini yake.

Nikampigia mama.

"Mama, picha ni ya kabla ya Julai 1961."

"Umejuaje?"

"Tangu mwezi huo walipiga marufuku mwanagenzi kuendesha pikipiki inayozidi cc 250. Ya baba ni 350, na mbele ina L."

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika.

"L?" akauliza. "L hii hii?"

"Hiyo hiyo, mama. Ya kujifunza."

Akacheka mpaka akakohoa. "Na mimi alininyima usukani wa gari miaka minne, eti sijaiva!" Kisha akaniambia nimtumie ile L peke yake, ikiwa imekuzwa, uso wa baba usionekane. Ya Matchless, akasema, nimwachie yeye. Baba mdogo anakuja kula Jumapili.