Kama wewe tu

Shangazi kashafika Tanga salama, mizigo yake yote imefika, andiko langu la utafiti limepitishwa Jumanne, na mimi hapa Sendai, Japani, usiku wa manane bado nimekaa na maneno matatu aliyoniachia juu ya kilima cha Iimori. Kama wewe tu. Hakuyafafanua, na Shangazi si mtu wa kurudia.

Ilikuwaje? Alitaka kuwaona "hao samurai" kabla hajaondoka, nikampeleka mji wa Aizu-Wakamatsu. Shinkansen, ile treni ya kasi, mpaka Koriyama, halafu treni ya polepole inayokata milimani. Iimori ina ngazi zile za kukutoa pumzi, lakini pembeni wameweka mkanda wa kulipia unaokupandisha ukiwa umesimama tu. Shangazi na magoti yake akapanda huo mkanda ametulia kama bibi harusi anayepelekwa ukumbini, mimi huku natweta kwenye ngazi kwa ubahili wangu.

Juu kule pana makaburi 19 yamepangwa mstari, ubani unafuka. Nikawa namsimulia. Hawa ni vijana wa Byakkotai, kikosi cha wapiganaji chipukizi wa Aizu, umri wao miaka 16 na 17, wanafunzi wa Nisshinkan, shule ya watoto wa samurai wa Aizu. Mwaka 1868 majeshi ya serikali mpya ya Meiji yameingia mjini. Vijana 20 wamepotezana na wenzao vitani, wamepita ndani ya mfereji wa maji uliotobolewa chini ya kilima, wakatokea hapa, wamelowa, wana njaa, baadhi wameumia. Wakatazama upande wa ngome ya bwana wao, mtawala wa Aizu, wakaona moshi. Wakaona basi, bwana wao keshaondoka duniani. Wakajiua kwa panga zao. Mmoja tu, Iinuma Sadakichi, alikutwa angali na uhai, akaokolewa.

Shangazi akauliza, "Na ngome ilikuwa inaungua kweli?"

"Hapana, Shangazi. Iliyokuwa inaungua ni mitaa ya chini yake. Ngome ilishikilia mwezi mzima ndipo wakasalimu amri."

"Kumbe walikufa kwa moshi."

"Ndiyo."

"Kama wewe tu."

"Abee, Shangazi?"

"Nimesema twende, hapa pana baridi."

Hakusema hivyo. Mimi masikio yangu mazima. Alisema kama wewe tu, tena kwa sauti ile anayomwambia mtu chumvi imezidi.

Sasa moshi upi? Mnaonisoma tangu zamani mtaruka moja kwa moja kwa Rashidi. Haiwezekani. Ile posa Shangazi mwenyewe ndiye aliyeirudisha, na njiani akapita kununua samaki. Basi labda ni kazi ya Dar. Kweli niliacha kwa tetesi za kupunguza wafanyakazi, na kweli mpaka leo hajapunguzwa hata mlinzi. Lakini nisingeacha, ningekuwa huku nasoma? Yeye angepanda mkanda wa nani? Nimeshamjibu hivyo kichwani kwa namna zote, kwa upole, kwa ukali, mpaka kwa kilio. Kwenye simu jana nikaanza, "Shangazi, yale maneno ya kule mlimani..." Akaniuliza kama nimekula.

Basi nikahamia kuwatetea wale vijana. Kwanza moshi ulikuwa wa kweli. Siku ileile, nyumbani kwa Saigo Tanomo, mshauri mkuu wa bwana wa Aizu, wanawake na watoto 21 walijitoa uhai ili wasiwe mzigo kwa wapiganaji wala wasiangukie mikononi mwa adui. Huo si uvumi. Pili, yapo masimulizi yanayonasibishwa na Iinuma mwenyewe, kwamba walijua ngome bado imesimama. Walichobishania ni kama wapenye mpaka ngomeni au wakamkabili adui, na mwisho walichokiogopa ni kukamatwa. Kwa hiyo hata hilo la moshi lina mjadala! Na huyu Iinuma alikuja kuwa fundi wa telegrafu, zile simu za maandishi za kupita kwenye waya, akaishi hapahapa Sendai hadi kufa kwake mwaka 1931. Kaburi lake liko kilimani kulekule, lakini kando, si kwenye ule mstari wa wenzake. Hapo ndipo nilitaka Shangazi asimame kidogo. Alishatangulia.

Ningemnunia mpaka jioni, isingekuwa Sazaedo. Ni hekalu la mbao la mwaka 1796, hapohapo mlimani, limejipinda kama parafujo. Unapanda kwa njia moja, unavuka kileleni, unashuka kwa njia nyingine, na anayepanda hakutani na anayeshuka. Shangazi hakuamini. Akaniamuru nitangulie, yeye atanisubiri katikati anidake. Nikazunguka, nikatoka nyuma, nikaja tena mlangoni, namsikia ndani anauliza kwa Kiswahili watu wanaopita kama wamemwona binti yake. Wajapani wanamwinamia kwa heshima, naye anawainamia. Alipotoka alisema soko la Kariakoo lingejengwa hivi, watu wasingekanyagana.

Na kile choo! Nyumba ya Saigo imejengwa upya, vyumba 38, na ndani yake mna choo cha wakubwa ambacho chini yake pana kisanduku cha mchanga chenye magurudumu. Mkubwa akimaliza, kisanduku kinavutwa, tabibu anakagua afya yake. Shangazi, muuguzi mstaafu, alichuchumaa akachungulia pale mpaka foleni ikajipanga nyuma yetu. "Hawa walikuwa na akili. Mgonjwa anakudanganya usoni, choo hakidanganyi." Chumba chenye masanamu ya wale akina mama waliojiua hakukaa. Alisema innalillahi, akapita.

Ngome yenyewe, ya Tsuruga, aliigonga kwa kidole akatangaza ni zege. Ni kweli, ya zamani ilibomolewa 1874, hii ni ya 1965, na vigae vyekundu ni vya 2011 kuifananisha na ile ya enzi za vita. Hakuvutiwa sana mpaka nilipomtajia Yamamoto Yae, binti wa mwalimu wa bunduki, aliyepigana humo ndani na bunduki yake ya Spencer huku wanawake wenzake wakizima mabomu kwa matandiko yaliyoloweshwa, na miaka mingi baadaye akaja kuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu. "Huyo sasa," akasema. "Huyo ningemwozesha kaka yako." Tulicheka mpaka nikasahau nimenuniwa au nimenuna.

Nimekumbuka tena nilipokuwa naanika shuka alizolalia.

Halafu hili jino la nyuma limeanza tena, upande uleule wa kushoto. Bima inalipa asilimia 70, sijui hiyo 30 yangu safari hii itakuwa kiasi gani kama wataamua kutoboa mpaka kwenye mzizi, na daktari ana nafasi Alhamisi tu, siku ambayo mimi niko maabara mpaka usiku.