Kumbukumbu ya mradi: Stelvio, Umbrail na Flüela kwa baiskeli mbili zenye mizigo

Njia imeshapangwa: siku tatu za kuvuka njia za milimani za Alps, kutoka Italia hadi Uswisi. Siku ya kwanza tunatoka Prato, Italia (mita 915), hadi kilele cha Stelvio (mita 2,757), tunashuka kilomita tatu upande wa Bormio, tunakata kulia Umbrail (mita 2,501), kisha tunateremka hadi Santa Maria, Uswisi (mita 1,375). Siku ya pili ni Ofen (mita 2,149) kwenda Zernez na Susch, ya tatu Flüela (mita 2,383) kwenda Davos. Kati ya mita 3,570 hivi za kupanda, zaidi ya nusu ni za Stelvio. Baiskeli zikiuweza mlima huo, iliyobaki zitaiweza.

Gia zimeshabadilishwa. Mtu, baiskeli na mizigo ni kilo 100. Kuupanda Stelvio kwa saa tatu kunadai wati 167 za kuinua uzito tu, na nyingine 13 hivi zinaliwa na tairi, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Kwa meno 34 mbele na 28 nyuma, mwendo huo ni mizunguko 52 ya pedeli kwa dakika, na magoti ndiyo yanayolipa. Kwa 30 mbele na 34 nyuma inakuwa 72. Tofauti hiyo ni kubwa hasa juu, ambako kanieneo ya hewa ni kama 72% tu ya ile ya pwani.

Kaseti (rundo la gia za nyuma) ya meno 34 ilidai derela (kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) ya mkono mrefu na cheni yenye viungo vinne zaidi. Usikisie urefu wa cheni: izungushe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye derela, kisha ongeza viungo viwili. Ikiwa fupi, siku utakapoingiza kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya, derela inaweza kung'oka na kuharibu spoku.

Magurudumu ya nyuma yana spoku 36. Spoku hukatika zaidi kwa sababu ya kulegea kuliko kwa uzito: iliyolegea inajipinda kila mzunguko hadi chuma kinachoka, kwa kawaida kwenye kiwiko chake penye habu (kitovu cha gurudumu), upande wa kaseti. Tumezikaza zote zilingane, tukizigonga na kusikiliza mlio. Za akiba, mbili kwa kila urefu, zimefungwa kwa utepe kwenye fremu. Kifungulio cha kaseti lazima kiwemo, maana bila hicho spoku ya upande huo haiingii.

Breki ndizo zimekula muda mwingi, na ni haki yake. Kutoka kilele hadi Santa Maria kilo 100 zinashuka mita 1,380, nishati ya kutosha kuchemsha lita nne za maji ya bomba. Lazima iende mahali, aidha kwenye upepo au kwenye breki. Ukishuka kilomita 20 kwa saa huku umebana muda wote, upepo unachukua kidogo sana na breki zinabeba karibu yote. Kwa hiyo: achia kwenye sehemu iliyonyooka hadi 45, bana kwa nguvu breki zote mbili kabla ya kona, achia tena. Tumefanya mazoezi hayo na mizigo ikiwa imejaa, maana baiskeli nzito inasimama mbali zaidi.

Baiskeli ya mwenzangu ina breki za rimu, yaani zinazobana ukingo wa gurudumu. Utepe wa plastiki ndani ya rimu umetolewa, tumeweka wa kitambaa. Plastiki hulainika kwa joto, tyubu inasukumwa kwenye tundu la spoku na kupasuka. Yangu ina diski. Pedi zilizobaki chini ya milimita moja zimetupwa, zimewekwa za chuma, ambazo hazing'ai na kuteleza upesi zikipata joto.

Mavazi ni mepesi kupanga: Prato ikiwa nyuzi 25, kileleni tarajia 13, na upepo wa kuteremka unazidisha baridi. Glovu ndefu zinakaa juu kabisa ya begi, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi havibani breki. Mahandaki ya upande wa Bormio hayatuhusu, tunakata kona kabla yake, lakini taa zipo kwa ajili ya ukungu.

Kazi iliyobaki: karia ya nyuma. Baada ya kilomita 60 za majaribio, nati mbili za chini zimelegea. Zinawekewa gundi ya nati na kukaguliwa tena baada ya kilomita 60 nyingine.