Siku moja maishani mwangu: fundi wa kona na miguu ya pinboli, Chicago

Saa 12:15 asubuhi

Kabla sijawasha gari napitia sanduku la vifaa: spana ya soketi, pimamaji, nyembe mpya za kukatia stika, bolti za akiba za inchi mbili na nusu, na boksi zima la vikingio vya chuma, vile vinavyokaa kati ya mguu wa mashine na sanduku lake. Hivi vikingio ndivyo vinanipa kula. Natengeneza na kuhamisha mashine za pinboli hapa Chicago na vitongoji vyake. Useremala niliujulia Keko, Dar es Salaam, kwenye makabati na vitanda, na mpaka leo mteja akinipigia simu jicho langu linakimbilia mbao kwanza. Mafundi wenzangu wengi wanapenda umeme, yaani koili, swichi na bodi. Mimi nawaachia.

Kwa ndugu wa nyumbani ambao hawajawahi kuiona: pinboli ni sanduku refu la plaiwudi lenye kioo juu, ndani yake ubao ulioinama kuelekea kwa mchezaji, na nyuma kimesimama kichwa chenye taa. Unarusha gololi ya chuma, unaizuia isidondoke kwa flipa mbili, yaani vibao vidogo vya kuipigia, unazoziendesha kwa vitufe vya ubavuni. Mashine nzima ina kilo 110 hadi 130 hivi. Uzito wote huo unakaa juu ya miguu minne ya chuma, na kila mguu umeshikwa kwenye kona ya sanduku kwa bolti mbili. Hesabu mwenyewe: bolti nane ndizo zinazobeba kila kitu. Ndiyo maana mashine nyingi ninazozikuta zimeumia, zimeumia hapo.

Saa 2:00 asubuhi

Baa ya kwanza iko kaskazini mwa jiji. Haijafunguliwa bado, mama mwenye baa anatupitisha mlango wa nyuma, anatuwashia taa, anarudi kwenye hesabu zake. Nimekuja na kijana ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa Uvira, Kongo, mwenye mikono mizuri kuliko wengi niliowahi kufanya nao. Anaishika mashine ya kwanza pembeni na kuitikisa kidogo.

“Mukubwa, huu muguu uko unacheza.”

Mguu wa mbele kushoto. Nainama na tochi. Stika ya ubavuni, ile picha iliyobandikwa kwenye sanduku, imejikunja kando ya mguu, mikunjo midogo midogo kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na sehemu moja imeshaanza kuchanika.

Hapa nataka nieleze vizuri, maana wenye mashine wengi wanadhani stika ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Pinboli haichezwi kwa vidole peke yake. Mchezaji mzuri anaisukuma mashine kwa viganja na nyonga ili gololi ibadili njia, na mchezo unamruhusu mpaka kiwango fulani. Ndani kuna kizito kidogo kinachoning'inia katikati ya pete ya chuma. Ukisukuma kwa nguvu kikaigusa pete, hiyo ni tilti, gololi yako imekwenda. Sasa kila msukumo, uwe wa halali au wa tilti, unaishia kwenye kona. Bolti zikiwa zimekaza, mguu na sanduku vinakwenda pamoja na hakuna kinachosuguana. Zikilegea hata kidogo, ukingo wa mguu unaanza kutembea juu ya stika, kwenda na kurudi, usiku mzima wa Ijumaa. Kwanza mikunjo, kisha mpasuko. Baada ya stika, tundu la bolti linapanuka kwenye mbao. Kisha skrubu za bamba la ndani, lile lenye nyuzi za kupokelea bolti, zinang'oka. Mwisho kabisa gundi ya kona inaachia, mbao mbili zinatengana, na hapo mwenye mashine anapiga simu akisema mashine yake “inayumba”.

Hii ya leo haijafika huko. Tunaingiza jeki ya meza chini ya sanduku, tunainua mpaka miguu ya mbele ielee, tunatoa bolti. Nakata kwa wembe kile kipande cha stika kilichojikunja, ndani ya mstari ambao mguu utaufunika, nisivuke hata milimita. Kingo zilizobaki nazipasha kwa kikausha nywele mpaka zilainike, nazikandamiza kwa kitambaa, nasubiri zipoe. Kisha kikingio, mguu, bolti.

Baa ina mashine nyingine tatu. Zote nazikagua, zote nazikaza. Mama anauliza kama mara moja kwa mwaka inatosha. Namwambia kwa mashine inayochezwa kila siku, kila mwezi, na kazi yenyewe haifiki dakika tano. Kijana anamwonyesha jinsi ya kufanya. Kazi ya namna hiyo hainiletei pesa, lakini sipendi kurudi kwenye kona iliyopasuka kwa kukosa mtu wa kukaza bolti.

Saa 5:00 asubuhi

Kitongojini, nyumba ya mzee mmoja mstaafu. Mashine mpya imefika jana kwenye boksi lake na tunaishusha bezimenti, chumba cha chini ya nyumba. Mzee ameshanunua vikingio vya kitambaa kizito cha sufu, vile vyenye gundi nyuma, na anataka tuvibandike.

Namweleza kwa heshima kwa nini sivipendi kwenye mashine yenye stika. Gundi yake inashika stika barabara. Siku ya kukibandua kikingio, kinaondoka na picha. Halafu sufu inabonyea. Leo umekaza vizuri, baada ya miezi kadhaa kitambaa kimekuwa chembamba na bolti imepoteza mkazo wake bila mtu kuigusa. Kikingio cha chuma ni bati gumu lililokunjwa kufuata kona, na sehemu ya bolti ndiyo nene. Mguu unakaa juu ya chuma, unabaki na nafasi ndogo kati yake na picha, na ukicheza unasugua kikingio badala ya stika. Bei yake kwa mashine nzima haifiki hata robo ya gharama ya kubadili stika za ubavuni, ukiacha mbali kazi ya kuzibandika.

Mzee anafikiri kidogo, kisha anasema, “Weka unachoweka kwenye mashine yako.”

Basi naweka. Naanza na miguu ya nyuma. Kwanza kikingio kinashikiliwa mahali pake, matundu yaonane. Kisha mguu. Bolti zote mbili naziingiza kwa vidole na kuzizungusha raundi kadhaa kabla ya kugusa spana. Hili sifanyi nalo mzaha: bolti ikiingia kombo na ukailazimisha kwa spana, unakula nyuzi za bamba la ndani, na kulibadilisha bamba ni kuingia ndani ya mashine. Kikingio kikiongeza unene, naangalia pia kama bolti bado inashika nyuzi za kutosha. Isiposhika, natumia ndefu kidogo, kisha nafungua mlango wa mbele wa kuingizia sarafu na kumulika kwa tochi kuhakikisha ncha yake haigusi waya. Nakaza ya juu kidogo, ya chini kidogo, narudi ya juu. Mashine ikishasimama kwa miguu yote minne na uzito umetulia, nakaza tena.

Kisha pimamaji. Mashine za siku hizi zinataka ubao wa kuchezea uiname kama nyuzi 6.5, na mwinamo huo unapatikana kwa visigino vya miguu vinavyozungushwa kupanda na kushuka. Watu wanapenda kuvitoa sana vya nyuma ili mchezo uwe wa kasi. Mimi nawashauri wavirudishe ndani vya mbele mpaka mwisho kwanza, ndipo waguse vya nyuma, kwa sababu kila sentimita unayoirefusha chini ni nguvu zaidi inayoikandamiza kona juu kila mashine inaposukumwa. Na ile nati ya kisigino ipandishwe ibane mguu. Ikiachwa huru, mashine inatikisika na utazilaumu bolti bure.

Saa 7:30 mchana

Pilau ya jana, ndani ya gari, na chai ya chupa. Kijana ananiuliza kama mashine zamani zilikuwa na miguu hii hii. Namwambia Baffle Ball ya kampuni ya Gottlieb, ile ya 1931 iliyoanzisha biashara yote hii hapa Chicago, ilikuwa ya kuweka juu ya kaunta. Mchezo ulipokua, sanduku likakua, likapata miguu. Flipa zilikuja 1947 na Humpty Dumpty, ya Gottlieb pia, na kuanzia hapo mchezaji akawa na sababu zaidi ya kusimama hapo kwa muda na kusukuma. Hapa hapa mjini palikuwa pia na kampuni za Bally na Williams, na Stern Pinball bado wanaunda zao Elk Grove Village, karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare. Kwa fundi seremala, kuokoa mashine iliyozaliwa umbali wa nusu saa kutoka unapoishi kuna raha yake.

Saa 8:30 mchana

Kuchukua mashine ya kwenda karakana. Imeuzwa pamoja na vitu vya nyumba, na waliokuwa wakiihamisha kabla yetu waliiburuta sakafuni na miguu yake. Alama mbili nyeupe kwenye saruji zinaonyesha njia yote kutoka ukutani mpaka chini ya ngazi.

Kuburuta ndiko kunakoua kona kuliko kucheza kwa miaka. Mguu una urefu wa sentimita 70 na ushee, kwa hiyo ukisukuma sanduku kwa nguvu huku kisigino kimekwama sakafuni, mguu wote unageuka mtaimbo wa kung'olea kona. Hakuna kikingio kitakachokuokoa hapo. Mashine inainuliwa, au inatolewa miguu. Basi.

Tunaifanya inavyotakiwa. Gololi zinatoka kwanza zisiparuze ubao. Blanketi juu ya reli za kingo za sanduku, kichwa kinalazwa juu yake na kufungwa mkanda. Mmoja anainua nyuma, mwingine anatoa miguu ya nyuma, sanduku linashushwa taratibu upande huo mpaka liguse godoro la sponji. Kisha tunalisimamisha wima kwa mgongo wake na kutoa miguu ya mbele bila shida. Mkokoteni wa ngazi unamaliza kazi. Bolti zote nane zinaingia kwenye mfuko mmoja, mfuko unafungwa kwenye mguu, miguu inafungwa kwa blanketi lake. Nimeona stika nzuri ikichanwa na mguu uliotupwa tu nyuma ya gari.

Saa 10:15 alasiri

Karakana. Ile tuliyoibeba ni The Addams Family ya 1992, kazi ya wabunifu Pat Lawlor na Larry DeMar chini ya jina la Bally. Ziliundwa 20,270, nyingi kuliko mashine yoyote ya zama hizi, kwa hiyo nakutana nazo mara kwa mara. Picha zake zilichapwa moja kwa moja juu ya mbao, hakuna stika ya kujikunja, na watu wanadhani hiyo ni salama. Siyo. Rangi haikunjiki ila inabanduka, na ikibanduka chini ya ukingo wa mguu, kurudisha rangi ile ile iliyokwishapauka kwa jua la dirishani ni kazi kubwa kuliko kubandika stika.

Kona ya nyuma kulia imeachia. Naweza kuingiza kadi ya benki kati ya mbao mbili. Natoa bamba la ndani. Skrubu zake mbili zinatoka kwa mkono. Ndani ya mpasuko napuliza vumbi kwa upepo, kisha naingiza gundi ya mbao kwa bomba la sindano, kidogo kidogo, huku kijana akiufungua na kuufunga mpasuko kwa upole mpaka gundi itokeze upande wa pili. Tunafuta iliyomwagika kwa kitambaa kibichi mara moja kabla haijagusa rangi. Klampu mbili kwa ulalo, vipande vya mbao laini chini ya meno yake visiache alama, na rula ya pembe kuhakikisha kona ni nyuzi 90. Tukikosea hapo, mguu utasimama kombo maisha yake yote.

Matundu ya skrubu nayajaza vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi, nitayatoboa upya kesho. Kijana anauliza kwa nini nisiweke skrubu nene zaidi tu. Namwonyesha tundu: mbao kuzunguka limekuwa unga. Skrubu nene itashika leo na kung'oka mwezi ujao. Mbao inatakiwa irudi kuwa mbao kwanza.

Saa 12:30 jioni

Nafagia, nazima kompresa. Klampu zitakaa hadi asubuhi. Kisha bamba jipya, vikingio vinne, na mguu wa nyuma kulia nimemwachia kijana aufunge mwenyewe mwanzo mwisho.

Kabla ya kufunga mlango namwandikia ujumbe mzee wa asubuhi: “Baada ya wiki mbili kaza bolti zote nane, ya juu kisha ya chini, robo raundi au chini ya hapo. Mbao itakuwa imebonyea kidogo, ni kawaida. Ukiona moja inazidi kuzunguka bila kukaza, iache, nipigie.” Anajibu kwa picha ya wajukuu zake wawili, tayari wamesimama kwenye mashine.