Niliuliza viatu vya babu, nikaupata ugonjwa wa ukoo

Baba alianza kusafishwa damu kwa mashine akiwa na miaka 52. Nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, natazama damu yake ikizunguka kwenye mrija, nikajiuliza: huu ugonjwa ni wake peke yake au ni wetu?

Nikaenda kupima. Kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kujua kama figo zinafanya kazi, ikatoka safi, nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Miaka minne mizima nilitamba na ile karatasi! Hakuna aliyeniambia kwamba figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake huku kreatinini bado inasoma vizuri. Badala yake nilishauriwa ninywe maji lita tano kwa siku ili figo "zijisafishe". Kilichosafishika ni njia ya kwenda chooni.

Baadaye nikakutana na daktari mmoja mkali. "Kwenu nani mwingine?" Nikasema baba tu. Akanitazama kama mwanafunzi aliyenakili jibu. "Kaulize vizuri, ndipo urudi."

Nikauliza, tena kijinga. Niliandika kwenye kundi la ukoo: "Naomba kila mtu ataje waliowahi kuugua figo." Kimya cha siku mbili. Halafu baba mkubwa akapiga simu, sauti juu: kwa nini natangaza kwamba ukoo wetu ni mbovu, wakati binti zake hawajaolewa? Shangazi akajitoa kwenye kundi. Ikabidi niombe radhi kwa watu ambao hata sikuwajua.

Ndipo nikabeba albamu ya picha kwenda kwa bibi. Neno figo sikulitamka kabisa.

"Bibi, mbona babu hapa kavaa suti na ndala?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mjukuu wangu, viatu vyote vilishamkataa. Miguu imevimba hivi! Na ubavuni ukimgusa, kama mfuko uliojaa mawe."

Miaka yote sisi tuliambiwa babu aliondoka na presha. Nikafunua ukurasa mwingine, na mwingine. Kila picha nauliza nguo, viatu, kwa nini huyu kanenepa tumbo tu. Kwa baba mdogo bibi akanyamaza kidogo. "Huyu mchana alilalamika kichwa. Usiku hatukuwa naye."

Nikachora ukoo kwenye karatasi: mwanamume mraba, mwanamke duara, mgonjwa natia wino. Shangazi alipojiona akanuna: "Yaani mimi ndiye duara?" Lakini ndiye aliyeniongezea majina mawili.

Nikampelekea daktari ile karatasi. Alipofika kwenye mraba wa baba mdogo akaweka kalamu chini. Akanieleza kuna ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji, na wakati mwingine mishipa ya kichwani nayo hutuna na kupasuka. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Na bahati hiyo huanza upya kwa kila mimba, kwa hiyo wale wanaosema "mkubwa keshaubeba, wadogo wamepona" wanajifariji tu.

Nikapigwa altrasaundi. Kwa mtu wa umri wangu, 34, mwenye mzazi mgonjwa, vifuko vitatu vinatosha kuthibitisha. Mimi mpimaji alihesabu mpaka 11, akaacha. Picha ya kichwa, namshukuru Mungu, haikuonyesha kitu. Gharama sikumbuki vizuri, ila najua nilishatumia zaidi ya hapo kwenye majani ya kusafisha figo.

Presha yangu ilikuwa 145 kwa 95, na sikuwahi kuumwa hata kichwa. Sasa nameza kidonge kila asubuhi na inakaa chini ya 130 kwa 80. Chumvi nimepunguza, nanung'unika lakini nimepunguza. Kinachonichekesha ni mgongo: miaka yote niliutuliza kwa diklofenaki, kumbe maumivu yalitoka kwenye figo zenyewe, na dawa hiyo hiyo inaziumiza. Nimeitupa.

Dada yangu alipima, yuko safi. Mdogo wetu wa kiume alinikwepa karibu mwaka mzima. Nikianza tu, yeye ana safari. Sikumsukuma, nilimtumia ile picha ya babu na ndala zake, bila neno. Wiki iliyopita akapiga simu usiku wa manane.

"Kaka, hiyo altrasaundi inauma?"

"Haiumi. Ile jeli tu ni ya baridi."

Akakata simu. Asubuhi akaniuliza tunaondoka saa ngapi.