Wanaokwenda fildi (mafunzo kwa vitendo) ya kilimo, someni hapa

Fildi nyingi za vyuo vyetu huangukia likizo ndefu, Julai hadi Septemba. Morogoro wakati huo mahindi ya masika mengi yameshavunwa. Kwa hiyo unapoomba nafasi usiangalie ukubwa wa jina la ofisi, uliza shambani kutakuwa na nini. Penye umwagiliaji, mbogamboga au ng'ombe wa maziwa utapata kazi. Kwingine utapanga mafaili mpaka urudi chuo.

Kinachowaangusha wengi ni kitabu cha kumbukumbu. "Leo tulipulizia dawa nyanya" haimpi msimamizi cha kukuwekea maksi. Andika dawa gani, kipimo, saa, upepo ulikuwaje, na bomba la kupulizia mlilipimaje. Kulipima ni hivi: pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza maji matupu hadi alama, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha jazia tena ukihesabu lita zilizotumika. Zikiwa 2, hiyo ni lita 200 kwa hekta. Lebo ikisema lita 1 ya dawa kwa hekta, bomba la lita 16 linataka mililita 80, si kizibo cha kukadiria (vizibo havilingani, jamani). Ukibadilisha pua (ncha inayotoa dawa), pima upya. Iliyochakaa humwaga zaidi. Mwenzako akilibeba yeye, pimeni upya pia, hatua zake si zako.

Saini ya msimamizi ichukueni kila wiki. Akihamishwa wiki ya mwisho, mtamtafuta kwa simu hadi mchoke.