Leo tumefunga mazoezi Okinawa, Japani

Watu wangu wa Kisumu, nimetoka dojo, ukumbi wa karate, sasa hivi na mapaja bado yanatetemeka.

Kesho naanza safari ya kurudi nyumbani.

Kwa wasiojua, mtindo wetu wa karate, Goju-ryu, uliasisiwa na Chojun Miyagi, mzaliwa wa hapa Naha, aliyefariki 1953. Tangu nianze karate pale Kondele nimeota kukanyaga sakafu ya huku.

Leo mwalimu, mzee wa mvi, alitaka Sanchin tu. Kata moja, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, polepole, pumzi inasikika.

Akapita nyuma yangu. Akanipiga mabega kwa viganja, pa! pa! Akabonyeza mapaja kuona kama nimesimama imara.

Sikutikisika.

Mkono wake ukabaki begani mwangu kidogo. Hakusema neno. Mzee huyu hasifu mtu ovyo, na mkono ule niliuelewa kabisa. Machozi yalinitoka yakachanganyika na jasho.

Kisha sote, wenye mikanda myeusi na myeupe, tukainama tukapangusa sakafu kwa vitambaa. Hilo nalitaka na kwetu, kuanzia Jumamosi.

Wanafunzi wangu, mko tayari? Na nani atanipokea uwanja wa ndege? Nimewakumbuka sana, na samaki wa Dunga pia!