Sabato ya Meza, Jumatatu ya Mfereji

"Mama, kwa nini tunawaosha watu miguu waliyokwisha kuiosha nyumbani?"

Binti yangu aliuliza hivyo Sabato iliyopita tukiwa tunasubiri beseni, na sauti yake ilifika mpaka benchi la mbele. Shemasi mmoja aligeuka akatabasamu. Nikamnong'oneza kwamba tutaongea nyumbani.

Lakini mtoto kasema kweli. Ikishatangazwa kwamba Sabato ijayo ni Meza ya Bwana, Ijumaa yake karibu kila nyumba ya Msabato ina mtu anayesugua visigino kwa jiwe. Kucha zinakatwa, mafuta yanapakwa, zinatafutwa soksi zisizo na tundu. Miguu inayoletwa kwenye huduma ya unyenyekevu ni safi kuliko ilivyo siku nyingine zote za robo ya mwaka, na maji humwagwa yakiwa meupe kama yalivyoletwa. Unamwosha rafiki yako, rafiki yako anakuosha, mnakumbatiana, mnaombeana, mnakwenda kupokea mkate na divai. Sisemi ni vibaya. Nimebarikiwa mara nyingi kwa kuoshwa na rafiki. Ila swali lile lilinirudisha kwenye beseni moja ambalo maji yake yalimwagwa yakiwa mekundu.

Mwanzoni mwa 1997 vuli ilikuwa imetukimbia. Kwetu Upareni, kule juu, vuli ikikimbia kinachobaki ni mfereji. Ndiva, yaani bwawa letu la mfereji, inakusanya maji usiku kucha, alfajiri inazibuliwa, maji yanashuka kwa zamu, shamba kwa shamba. Sisi tulikuwa watu wa Jumanne. Baba alikuwa kazini Tanga, kwa hiyo Jumanne kabla hakujakucha alitangulia mama na jembe lake, na mimi nyuma nimebeba matambara na majani ya mgomba ya kuzibia pale maji yanapotorokea pembeni.

Januari ile maji ya Jumanne yakaanza kufika machache, kisha yakawa hayafiki kabisa. Mama akapanda kuufuata mfereji, akakuta mahali palipochimbwa usiku, tope bado bichi, maji yanaingia kwenye maharage ya jirani yetu wa juu. Maharage ya jirani yalikuwa yanachanua. Yetu yalikuwa yamejikunja, ukishika jani linavunjikia mkononi.

Jirani huyo alikuwa mkubwa kwa mama kwa miaka mingi. Mama alimwita dada, sisi tulimwita mama mkubwa. Wazee wake walikuwa miongoni mwa waliobatizwa mapema, na kwenye milima ile jambo hilo lina uzito wake: wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika Mamba Giti mwaka 1903, na hadi leo zipo koo zinazohesabu ukristo wao kuanzia enzi hizo. Mama alikuwa ameolewa tu pale. Mgawa maji alipokwenda kumwuliza, mama mkubwa alijibu kwamba hajui lolote kuhusu maji ya mtu. Ikaishia hapo. Salamu ziliendelea, maana kwetu mtu hanyimwi salamu, lakini zilikuwa salamu za kupitana njiani, kila mmoja akitazama mzigo wake.

Katikati ya hayo ikafika Sabato ya Meza.

Wanaume walitoka wakaenda kwenye darasa la shule iliyo jirani, wanawake tukabaki kanisani. Mimi nilikuwa sijabatizwa, kwa hiyo nilipewa kazi ya jagi: kuchota maji ya moto kwenye sufuria, kuyapoza kwa ya baridi, kumimina. Maji yenyewe tulikuwa tumeyateka Ijumaa kwenye mfereji ule ule. Mabenchi yalikuwa yanasogezwa, mtu anaanzisha wimbo na wengine wanaupokea wakiwa wameinama. Rafiki wa mama, yule waliyeoshana naye kila robo, alikuwa ameshavua viatu. Mama alijifunga taulo kiunoni, akachukua beseni, akampita.

Nilimfuata kwa sababu mimi ndiye niliyeshika jagi. Alikwenda mpaka benchi la mwisho upande wa dirishani, alipokuwa amekaa mama mkubwa peke yake. Akaweka beseni sakafuni, akapiga magoti.

Mama mkubwa akairudisha miguu yake chini ya benchi.

"Acha, mdogo wangu," alisema. "Mimi usiniguse."

Mama hakusema neno. Hakuivuta ile miguu, wala hakunyanyuka. Alibaki pale magotini, mikono yake juu ya mapaja, macho yake yakiwa kwenye pindo la kitenge cha mwenzake. Jagi lilikuwa limejaa na mkono ulianza kuniuma. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Baada ya muda mrefu, mguu mmoja ukatoka.

Naukumbuka mguu ule kuliko ninavyoikumbuka sura yake. Haukuwa umesuguliwa kwa jiwe. Ulikuwa umenawishwa kama watu wanavyonawa wakitoka shamba, juu juu. Magaga ya kisigino yalikuwa yamepasuka kwa kina, na ndani ya kila ufa kulikuwa na mstari wa udongo mwekundu. Ukucha wa kidole gumba haukuwapo. Mahali pake palikuwa pamekuwa pagumu na peusi, jembe liliwahi kupita hapo. Mama akanipa ishara nimimine. Alianzia unyayoni, akapanda hadi kwenye kifundo, akarudi kwenye kisigino, na hapo hakuwa na haraka. Alipitisha kidole chake kwenye ufa mmoja, halafu mwingine, taratibu kwa kuwa magaga yanauma, mpaka udongo ukaachia. Nikaona maji yanabadilika rangi. Ulikuwa udongo wa mfereji, huo huo uliokuwa kwenye kucha zetu sisi. Mama mkubwa alikuwa ameshikilia ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Mguu wa pili aliutoa mwenyewe.

Mama akaifuta yote miwili kwa lile taulo la kiunoni, kidole kwa kidole.

Kisha ikawa zamu ya mama mkubwa kuosha. Magoti yake yalikuwa mabovu. Alishuka kwa kunishika bega, na uzito wake wote nikaupata mimi. Aliosha haraka haraka. Walipokumbatiana, yeye ndiye aliyeomba, kwa Kipare, sala fupi ambayo sikuisikia vizuri. Maji hayakutajwa.

Nilidhani mambo yameisha. Shule ya Sabato tulikuwa tumesomeshwa Yohana 13, Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe," na Yesu anamjibu, "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Kwa akili yangu ya utoto, mtu akishatawadhwa shirika limerudi, na Jumanne maji yangeshuka yenyewe.

Jumatatu mama akaenda kwenye kamati ya mfereji.

Wazee walikuwa wamekaa chini ya mkuyu karibu na ndiva. Mama alieleza akiwa amesimama: Jumanne ipi maji yalipungua, ipi hayakufika, na mfereji umechimbwa mahali gani. Hakumtukana mtu. Hakutaja kanisa. Alipomaliza, mama mkubwa alisimama akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Juzi umeniosha miguu, leo unanishitaki?"

Watu wakaguna. Hata mimi niliona ana haki ya kuuliza.

"Dada," mama alimjibu, "nilikuosha kwa moyo wangu wote, na robo ijayo ukinikubalia nitakuosha tena. Lakini maji ya Jumanne ni ya shamba langu."

Akakaa.

Kamati iliamuru shimo lifukiwe, na zamu zikawekewa mtu wa kuzilinda. Maharage yetu hayakupona, tulikula makande ya mahindi ya kununua mwaka ule. Maneno yakasemwa kanisani. Yule rafiki aliyepitwa alisema mama amelichafua beseni la Bwana. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani jioni akamwambia kwa upole kwamba mnyenyekevu husamehe na kunyamaza. Mama alimsikiliza, akamshukuru, akampa ndizi za kupeleka nyumbani. Mwisho wa mwaka huo huo zikaja mvua za El Niño zikabomoa kingo za mfereji, na kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuujenga upya mama na mama mkubwa walibeba mawe kwenye mstari mmoja. Robo iliyofuata mama mkubwa aliosha na mwingine. Zilizofuata sizikumbuki. Amekwishalala miaka mingi sasa.

Tangu niwe mtu mzima nimesikia mahubiri mengi juu ya unyenyekevu, na linaloniumiza ni kwamba mengi huelekezwa kwa watu ambao tayari wameinama: wake, wasichana wa kazi, vijana wa kwaya, waliokuja kuolewa. Wafilipi 2:3 inasomwa, "kila mtu na amhesabu mwenziwe kuwa bora kuliko nafsi yake," na macho ya kanisa zima yanamwendea aliyenyang'anywa, si aliyenyang'anya. Lakini rudini Yohana 13 msome mstari wa 13, kabla hajawaagiza watawadhane: "Ninyi mwaniita, Mwalimu, na, Bwana; nanyi mwanena vema, maana ndivyo nilivyo." Taulo bado halijakauka, na anasema wazi yeye ni nani. Hakujifanya mdogo kuliko alivyo. Aliinama akiwa Bwana, akanyanyuka akiwa Bwana.

Ndiyo maana Aprili 2019 nilipoona picha za Papa Francisko kule Vatikani, mzee wa miaka 82 akishuka kwa shida mpaka sakafuni kubusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini, Salva Kiir na Riek Machar miongoni mwao, mimi Msabato nililia. Aliwabusu miguu, na siku hiyo hiyo aliwaomba waziwazi wadumu katika amani. Yote mawili. Amani yenyewe imeendelea kuwa ya mashaka tangu hapo, na wapo wanaosema alijishusha bure. Mimi siwezi kusema hivyo. Nimeona miguu ikioshwa na maji yakakataa kushuka, na bado najua kwamba kuna kitu kilitokea kwenye benchi lile la dirishani, ingawa nikiambiwa nikieleze sina maneno yake.

Sabato iliyopita jioni, jua lilipozama, nilimpigia mama simu kijijini. Sikumwuliza kuhusu kuosha. Nilimwuliza kuhusu Jumatatu. Nilitegemea aniambie alifanya vizuri. Akasema anaijutia.

"Unajutia kudai maji?"

"La, maji yalikuwa yetu, na watoto walikuwa wanangoja kula. Najutia kwenda kamati kabla sijaenda kwake."

Akanitajia Mathayo 18, "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Akasema, "Nilimwosha mbele ya kanisa, nikamshitaki mbele ya kijiji. Katikati palikuwa na Jumapili nzima. Nilipalilia. Nyumba yake ninaiona kutoka shambani."

Nikamwambia alikwishaulizwa akakana.

"Aliulizwa na mgawa maji. Mimi sikumwuliza. Mtu amekutolea mguu wenye magaga, mwanangu, pengine angekutolea na neno."

Mimi bado naona alitenda sawa. Mwanamke ambaye mume yuko mbali, maharage yanakauka, na anayemlalamikia ni wa ukoo mkubwa: angekwenda peke yake mlangoni kwa mtu, nani angekuwa shahidi wake kesho? Si vibaya kuwa mnyenyekevu na bado ukahitaji wazee wakusikie. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi nawaza kama mtu wa ofisini, na kwamba yeye hakuhitaji shahidi, alimhitaji dada yake. Nikamkumbusha kwamba dada yake ndiye aliyechimba mfereji usiku. Akasema analijua hilo vizuri kuliko mimi. Tulibishana mpaka salio langu likaisha, na hakuna aliyekubali.